Kupandisha Nafasi ya Tovuti Katika Injini za Utafutaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye tovuti ambazo hazionekani pale zinapotarajiwa kuonekana. Nimeyapanga kwa kufuata utaratibu ninaoutumia ninapokabidhiwa tovuti yenye tatizo: kwanza nahakikisha kwamba ukurasa unafikika, kisha kwamba unaeleweka, na mwishoni kabisa nauliza kama unastahili kuchaguliwa mbele ya kurasa nyingine. Anayeruka hatua ya kwanza na kukimbilia ya tatu hupoteza miezi mingi, nami nimewaona wengi wakiipoteza.

Injini ya utafutaji hufanya nini kabla ya kuonyesha matokeo?

Hufanya kazi tatu, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina hitilafu zake. Kwanza hutuma roboti, yaani programu inayotembelea kurasa na kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ya Google huitwa Googlebot na ya Bing huitwa Bingbot. Pili, huusoma ukurasa ulioletwa, hutambua lugha na mada yake, na ikiridhika nao huuingiza katika faharasa, ambayo haitofautiani sana na ile iliyo mwishoni mwa kitabu: neno hili linapatikana katika kurasa hizi na hizi. Tatu, mtu anapoandika swali lake, injini haitoki kwenda kuzunguka mtandaoni wakati huo, bali huitazama faharasa yake na kuzipanga kurasa zilizomo kwa kupima mambo mengi kwa pamoja.

Kwa hiyo anayeuliza "mbona siko katika ukurasa wa kwanza?" hawezi kujibiwa kwa neno moja. Ukurasa ambao roboti haijaufikia hauna nafasi ya kupandishwa, kwa kuwa haupo. Uliofikiwa ukaachwa nje ya faharasa nao ni vivyo hivyo. Ni ule tu ulioingia ndani ambao inafaa kuuliza kwa nini uko wa arobaini badala ya wa nne.

Tovuti yangu haionekani kabisa. Nianzie wapi?

Anza kwa kuthibitisha kama imo katika faharasa. Katika kisanduku cha kutafutia andika neno site, alama ya nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, na utaona baadhi ya kurasa zako zinazojulikana. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu. Kipimo cha kutegemewa ni Google Search Console, huduma ya bure iliyokuwa ikiitwa Webmaster Tools hadi mwaka 2015: ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako, unabandika anwani ya ukurasa mmoja, nayo inakueleza kama umo katika faharasa, mara ya mwisho roboti ilipita lini, na kama kuna kizuizi ni kipi. Bing nayo ina huduma kama hiyo, na haichukui muda mrefu kujiandikisha.

Niliwahi kukabidhiwa tovuti iliyokuwa imekaa miezi saba bila kuonekana. Mwenyewe alikuwa ameshaandika upya makala zote, amebadilisha picha, na alikuwa anajiandaa kununua jina jingine akiamini kwamba la kwanza lina mkosi. Nilifungua msimbo wa ukurasa wa mwanzo, yaani maandishi ya kikompyuta yanayoujenga, nikashuka mistari michache, nikakuta huu: `<meta name="robots" content="noindex">`. Mstari huo unaiambia injini isiuingize ukurasa katika faharasa. Aliyeijenga tovuti aliuweka wakati wa ujenzi, na alifanya vyema, ili kurasa zisizokamilika zisionekane na watu. Siku ya kuizindua akasahau kuuondoa. Tuliufuta mstari mmoja, tukaomba ukurasa upitiwe upya, na wiki iliyofuata kurasa za kwanza zikaanza kuonekana. Programu nyingi za kujengea tovuti zina kisanduku cha kuweka alama kinachofanya kazi hiyo hiyo kimyakimya. Katika WordPress kimo kwenye mipangilio ya usomaji. Kikague leo, hata kama una hakika.

Kizuizi cha pili ni faili liitwalo robots.txt, lililobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kufanywa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2022. Faili hili huziambia roboti zisiingie sehemu gani za tovuti. Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi: kuzuia roboti isiingie si sawa na kuuondoa ukurasa katika faharasa. Ukurasa uliozuiwa unaweza bado kuorodheshwa bila maelezo yoyote, ikiwa tovuti nyingine zina viungo vya kuuelekea. Na ukitumia njia zote mbili kwa pamoja, roboti iliyozuiwa mlangoni haitapata kuusoma ule mstari wa noindex ulio ndani. Anayetaka ukurasa utoke katika faharasa aache roboti iingie na kuusoma mstari huo.

Kizuizi cha tatu ni upweke. Ukurasa usio na kiungo chochote kinachouelekea, hata kutoka kurasa zako mwenyewe, ni yatima, na roboti ina njia chache za kuujua. Ramani ya tovuti, yaani faili la XML linaloorodhesha anwani zako, husaidia hapa. Faili moja huruhusiwa kuwa na anwani zisizozidi 50,000 na ukubwa usiozidi megabaiti 50 kabla ya kubanwa, kiwango ambacho tovuti nyingi hazitakikaribia. Hata hivyo ramani ni taarifa tu. Haimlazimishi mtu yeyote kuufungulia ukurasa mlango, wala haichukui nafasi ya viungo vya kawaida.

Je, ninaweza kuilipa Google ili tovuti yangu ipande?

Hapana. Unaweza kulipia tangazo, nalo litaonyeshwa likiwa na alama ya kuwa ni tangazo, lakini matokeo ya kawaida hayauzwi, na kununua matangazo hakuyasogezi juu wala chini. Anayekwambia kwamba ana mtu wa ndani wa kulishughulikia anakudanganya.

Nichague maneno gani?

Hili ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote, na watu wengi hulijibu harakaharaka. Tuseme una tovuti inayofundisha matengenezo ya baiskeli. Neno "baiskeli" peke yake halitakufaa. Anayeliandika huenda anataka kununua, huenda anataka picha, huenda ni mwanafunzi anayetafuta historia. Injini haijui, nawe hujui. Lakini anayeandika "breki za baiskeli zinapiga kelele" ameshakueleza tatizo lake lote, na ukurasa mmoja unaolijibu tatizo hilo mpaka mwisho una nafasi nzuri hata kama tovuti yako ni changa. Wazo kwamba neno adimu hubainisha hati vizuri zaidi kuliko neno lililotapakaa kila mahali ni la zamani: mtaalamu Mwingereza Karen Spärck Jones alilieleza kwa hesabu mwaka 1972, kabla hata wavuti haujabuniwa, na bado ni miongoni mwa misingi ya utafutaji wa maandishi.

Usiyabuni maneno hayo ukiwa umekaa peke yako. Chukua daftari, uandike maswali kama yalivyoulizwa na watu wanaokuandikia au kukupigia simu, neno kwa neno, bila kuyasafisha. Mtu wa kawaida hasemi "hitilafu ya mfumo wa usimamishaji"; anasema breki zinalia. Kisha andika swali hilo katika injini yenyewe na utazame kilichomo katika ukurasa wa kwanza. Ikiwa matokeo yote ni maelezo ya hatua kwa hatua, injini imeshajifunza kwamba waulizaji wanataka kufundishwa, na ukurasa wako wa kuuza vipuri hautaingia hapo kwa urahisi hata uwe mzuri namna gani. Andika maelezo, halafu katika maelezo hayo weka kiungo cha kwenda kwenye vipuri.

Huna haja ya kutengeneza ukurasa wa "breki inalia", mwingine wa "breki zinalia" na wa tatu wa "breki kulia". Tangu mabadiliko yaliyoitwa Hummingbird mwaka 2013, na hasa BERT mwaka 2019, Google husoma maana ya sentensi badala ya kulinganisha neno na neno. Kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni uelewa huo si mkamilifu, kwa hiyo ninashauri maumbo yanayotumiwa sana yaonekane yote, mara moja moja, ndani ya ukurasa huo huo mmoja, katika sentensi ambazo mtu angezisema kweli.

Maneno hayo niyaweke wapi, na mara ngapi?

Mahali pa kwanza ni kichwa cha ukurasa, ule mstari unaowekwa ndani ya msimbo kwenye alama iitwayo lebo ya `title` na unaoonekana katika kichupo cha kivinjari na mara nyingi katika matokeo. Nimekuta tovuti yenye kurasa themanini, zote zikiwa na kichwa kimoja: "Karibu – Mwanzo". Kwa mtafutaji, hizo ni kurasa themanini zisizo na majina. Linganisha na "Breki za baiskeli zinazopiga kelele: sababu na namna ya kuzirekebisha". Kila ukurasa uwe na kichwa chake, kinachosema kilichomo na si zaidi ya kilichomo. Google inaweza kukibadilisha ikiona hakilingani na yaliyo ndani, na hiyo yenyewe ni dalili kwamba unapaswa kukitazama tena.

Mahali pa pili ni kichwa kikuu kinachoonekana juu ya maandishi, kisha aya ya kwanza, kisha vichwa vidogo pale panapohitajika. Maelezo mafupi, yale yanayowekwa kwenye lebo ya `description`, hayaongezi nafasi moja kwa moja, lakini ndiyo mara nyingi anayosoma mtu kabla ya kuamua abofye wapi. Yaandike kama unavyomjibu mtu aliye mbele yako. Lebo ya `keywords` iache. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiizingatii katika kupanga matokeo, na bado ninakutana na watu wanaolipishwa kwa kujaziwa lebo hiyo.

Picha nazo zina maneno yake. Maandishi mbadala, yaani maelezo ya picha yanayoandikwa ndani ya msimbo, yakiwa "picha1" hayamsaidii mtu. "Mkono ukilegeza skrubu ya breki ya gurudumu la nyuma" yanaisaidia injini, na zaidi ya hapo yanamsaidia msomaji asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu. Kwangu mimi huyo wa pili ndiye sababu ya kutosha ya kuyaandika.

Kuhusu mara ngapi, hakuna idadi. Soma ukurasa kwa sauti. Ukijisikia unalirudia neno kwa ajili ya mashine, umeshazidisha. Kurundika maneno ni miongoni mwa makosa yaliyotajwa wazi katika kanuni za Google.

Makala iwe na urefu gani?

Urefu unaotosha kulimaliza swali. Hakuna kiwango cha chini cha maneno kinachompandisha mtu, na anayeuliza namna ya kugeuza inchi kuwa sentimita anastahili jibu la mstari mmoja.

Viungo kutoka tovuti nyingine vina umuhimu gani bado?

Vina umuhimu, ingawa umepungua ukilinganisha na zamani. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia waliyoiita PageRank: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kichukuliwe kuwa ni ushuhuda, na uzito wa ushuhuda utegemee uzito wa shahidi. Kiungo kimoja kutoka ukurasa ambao nao umeshuhudiwa na wengi kina thamani kuliko mia kutoka kurasa zisizojulikana na mtu. Injini zilizotangulia zilikuwa zikitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, ambayo mwenye ukurasa angeweza kuyachezea apendavyo. Ushuhuda wa watu wa nje ulikuwa mgumu zaidi kuughushi.

Mgumu, lakini haukushindikana. Liliibuka soko zima la kuuza viungo, la mitandao ya tovuti bandia zinazosifiana zenyewe, na la maoni yaliyojazwa anwani. Mwaka 2005 injini kubwa zilikubaliana kuhusu alama ya `nofollow`, inayosema kwamba kiungo hiki kisihesabiwe kuwa ushuhuda, na mwaka 2019 Google iliongeza `sponsored` kwa viungo vilivyolipiwa na `ugc` kwa vilivyowekwa na wasomaji. Aprili 2012 ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yakilenga viungo vya kughushi, na tovuti nyingi zilizojengwa juu ya msingi huo zikaanguka.

Kwa hiyo usinunue viungo. Nasema hivi nikijua kwamba utaletewa barua pepe kila wiki ya kukuuzia, na kwamba wengine wanaonunua huonekana kufanikiwa kwa muda. Viungo vya kughushi siku hizi mara nyingi hupuuzwa tu, maana yake umetupa fedha. Vikizidi na kuonekana kuwa ni vya makusudi, unaweza kuadhibiwa na mkaguzi wa Google, ambaye ni mtu na si mashine.

Njia halali ni kuwa na kitu ambacho mtu mwingine atahitaji kukitaja. Turudi kwenye baiskeli: jedwali la vipimo vya matairi na mirija inayolingana nayo, ulilolikusanya kwa kupima mwenyewe, picha za kila hatua ulizozipiga kwa mikono yako ikiwa na grisi, kikokotoo kidogo cha uwiano wa gia. Vitu vya namna hii hutajwa na walimu, na wanaoandika makala, na watu wanaosaidiana, bila wewe kuwaomba. Ukiomba, mwombe yule ambaye wasomaji wake watanufaika kweli, na umweleze watanufaikaje.

Kuna aina nyingine ya viungo iliyo mikononi mwako kabisa, nayo hupuuzwa: viungo vya ndani. Ukurasa wako wenye nguvu uelekeze kwenye kurasa zako zinazouhusu. Na maneno ya kiungo yaseme kinakokwenda. "Bofya hapa" hayasemi kitu. "Namna ya kubadilisha kebo ya breki" yanamwambia msomaji na roboti kwa pamoja.

Kasi ya tovuti inahesabiwa?

Inahesabiwa, lakini haitaupandisha ukurasa usiojibu swali. Google hutumia vipimo vitatu. Kitu kikubwa kuliko vyote katika ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kipimo kilichoanza kutumika Machi 2024 kikichukua nafasi ya kingine, na vitu visirukeruke wakati wa kufunguka, kwa alama isiyozidi 0.1. Viwango hivi vinapaswa kufikiwa katika asilimia 75 ya ziara za watu halisi, si katika kompyuta yako tu.

Mara nyingi mkosaji ni picha. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 4 huwekwa katika nafasi yenye upana wa pikseli 400, na kila mgeni hulazimika kuipakua yote ili aone kipande. Ipunguze kabla ya kuipandisha, itunze katika WebP, muundo wa faili la picha usiochukua nafasi kubwa, na uandike upana na kimo chake katika msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Hatua hii ya mwisho peke yake huondoa sehemu kubwa ya ule mruko unaomfanya mtu aguse kitufe ambacho hakukikusudia.

Ifungue tovuti yako kwenye simu ya kawaida, si ile bora uliyonayo. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzisoma tovuti kwa sura yake ya simu, na sasa hiyo ndiyo sura inayoingia katika faharasa. Kama sura ya simu imeondolewa aya ambazo ziko kwenye kompyuta, aya hizo kwa injini hazipo. Muunganisho salama wa HTTPS nao umekuwa kigezo kidogo tangu 2014, na vyeti vyake vinapatikana bure.

Nina kurasa mbili zinazofanana. Nitaadhibiwa?

Kurudia maandishi yako mwenyewe hakuleti adhabu. Injini huchagua ukurasa mmoja wa kuuonyesha, na huenda ikachagua usioutaka. Iambie ni upi kwa kutumia lebo ya `canonical`, ambayo Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana nayo mwaka 2009. Ikiwa kurasa hizo zinajibu swali moja, ni heri kuziunganisha ziwe moja yenye nguvu.

Ninabadilisha jina la tovuti. Nitapoteza nafasi niliyonayo?

Utatikisika kwa wiki kadhaa, lakini hutapoteza ukihama kwa utaratibu. Tengeneza orodha ya anwani zote za zamani na mbele ya kila moja andika anwani yake mpya, kisha weka uelekezaji wa kudumu, wenye namba 301, kutoka kila moja kwenda kwa mwenzake. Kosa linalofanywa sana ni kuzielekeza anwani zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyekuja kutafuta kebo ya breki akatupwa sebuleni haoni alichokifuata, na injini huuchukulia uelekezaji huo kana kwamba ukurasa wa zamani umefutwa. Uelekezaji udumu mwaka mmoja kwa uchache, na kama unaweza usiuondoe kabisa. Usibadilishe jina, muundo na maandishi kwa siku moja. Kitakapoharibika kitu hutajua ni kipi.

Tovuti yangu iko katika lugha mbili. Nifanyeje?

Kila lugha iwe na anwani zake, na kurasa zinazolingana ziunganishwe kwa alama za `hreflang`, kila moja ikiitaja mwenzake na kujitaja yenyewe. Alama ya Kiswahili ni `sw`. Kiungo kisiporudi kutoka upande wa pili, alama hizo hupuuzwa. Usimhamishe mgeni kwa nguvu kwenda lugha nyingine kwa kukisia alipo, kwa kuwa roboti nayo ni mgeni, na mara nyingi hutokea nchi moja tu. Na usichapishe tafsiri ya mashine ambayo hakuna mtu aliyeisoma.

Je, naweza kuandika kurasa zangu kwa akili mnemba?

Google ilieleza mwaka 2023 kwamba inatazama ubora wa maandishi na si chombo kilichoyaandika. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, iliweka kanuni dhidi ya kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupandisha nafasi, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Tofauti iko katika kile unachokiongeza. Miongozo wanayopewa wakadiriaji wa ubora wa Google, yaani watu wanaoyapima matokeo yake, iliongezwa neno uzoefu mwishoni mwa 2022, pamoja na utaalamu, mamlaka na uaminifu. Makadirio yao hayaipandishi wala kuishusha tovuti fulani, lakini yanaonyesha injini inataka kuelekea wapi. Mashine haijawahi kulegeza skrubu yenye kutu. Kama wewe umewahi, andika ilivyokuwa, na kipi kilishindikana kwanza.

Nafasi yangu imeshuka ghafla. Nimeadhibiwa?

Huenda hapana. Fungua Search Console kwenye sehemu ya hatua za kibinadamu: ikiwa umeadhibiwa na mkaguzi, utaambiwa hapo, pamoja na sababu na namna ya kuomba upitiwe upya. Hata kampuni kubwa zimepitia hayo; Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya Kijerumani ya BMW katika matokeo yake kwa kosa la kutumia kurasa za kuipotosha injini, na ikarudishwa baada ya kurasa hizo kuondolewa.

Usipokuta kitu, linganisha tarehe. Kama kushuka kumetokea siku moja na kazi iliyofanywa kwenye seva au kwenye muundo, anzia huko. Kama kumeambatana na mabadiliko makuu ya Google, ambayo hutangazwa mara kadhaa kwa mwaka, basi kurasa zimepimwa upya zote kwa pamoja, na nyingine zimeonekana kufaa zaidi. Zisome hizo zilizokupita, kwa haki, bila hasira, na utafute kitu zilichomweleza msomaji ambacho wewe hukumweleza. Inawezekana pia kwamba hujashuka kabisa, ila watu wanaouliza wamepungua kwa msimu. Mwaka uliopita katika mwezi kama huu utakuonyesha.

Nitajuaje kama kazi yangu inazaa matunda?

Usijitafute mwenyewe kila asubuhi. Matokeo hubadilika kwa kufuata mahali, kifaa na lugha, na unachokiona wewe sicho anachokiona mwingine. Tazama ripoti ya utendaji katika Search Console, kwa miezi mitatu, swali kwa swali. Tuseme unakuta swali moja ambalo ukurasa wako umeonyeshwa mara 4,000, uko katika nafasi ya nane kwa wastani, na umebofywa mara 20. Injini imeshakuamini vya kutosha kukuonyesha. Watu ndio hawakuchagui, na wengi huenda hawafiki nafasi ya nane. Soma kichwa chako kando ya vichwa saba vilivyo juu yako. Soma swali tena. Je, ukurasa wako unalijibu katika aya ya kwanza, au msomaji anapitishwa kwenye historia ya breki kabla ya kufika? Ukurasa wa namna hii, ulio kati ya nafasi ya tano na ya ishirini, ndio wa kwanza kuushughulikia, maana jasho dogo hapo hulipa kuliko kuandika kurasa kumi mpya.

Matokeo yatachukua muda gani?

Badiliko la kichwa huweza kuonekana baada ya saa au siku chache, kutegemea roboti hupita mara ngapi. Kazi ya kujenga sifa huchukua miezi. Kila unapobadilisha kitu andika tarehe na ulichobadilisha, kisha ukiache kwa wiki kadhaa. Asiyesubiri hubadilisha tena kabla ya kujua la kwanza lilileta nini.

Nimwajiri mtaalamu?

Kama tovuti ni kubwa, au unahama, au umeadhibiwa, ndiyo. Muulize atakachofanya na kwa sababu gani, na umtake akueleze kwa maneno unayoyaelewa. Anayekuahidi nafasi ya kwanza mwache, kwa kuwa hakuna aliye na uwezo wa kuiahidi. Akaunti ya Search Console, jina la tovuti na nywila ya seva viandikishwe kwa jina lako, naye umpe ruhusa ya kuingia tu. Nimewahi kumsaidia mtu aliyetengana na fundi wake akakuta kwamba jina la tovuti lenyewe halikuwa lake, na ilitubidi tuanze upya kwa jina jingine, bila orodha ya anwani za zamani na bila mahali pa kuweka hata uelekezaji mmoja.